Kobe darasani, na Desemba atabaki na nani? Maswali ya wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimetoka shuleni. Zinazofanana tumeziunganisha, na nyingine tumezifupisha. Majibu yameandaliwa na daktari wa mifugo pamoja na mwalimu wa biolojia.

Wanafunzi wangu wa darasa la tano wameokota kobe wakati wa kupalilia shamba la shule. Ni wa ukubwa wa kisahani cha chai, ana madoa meusi na manjano. Wamemweka kwenye boksi chini ya meza yangu na jina wameshampa. Wanataka tumfuge, na mwalimu mkuu hana kipingamizi. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Morogoro*

Anzia palepale shambani alipookotwa, Mwalimu. Mrudisheni leo kabla jua halijazama.

Ruhusa ya mwalimu mkuu haitoshi. Kobe wa porini ni mnyamapori kama alivyo swala, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumweka bila kibali. Kenya nako ni hivyo hivyo chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kama mnadhani kuna sababu ya kutomrudisha (ameumia, au shamba linachomwa moto wiki hii), mpigieni afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi iliyo karibu ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, na muda mnaosubiri aendelee kukaa kwenye boksi lenye matundu, kivulini, bila kushikwashikwa.

Msimpeleke kwenye pori "zuri zaidi" la mbali. Kobe ana eneo lake analolijua: wapi pana maji baada ya mvua, kichaka gani kinamficha usiku. Akitupwa mahali pageni hutembea ovyo akitafuta kwao, na safari hiyo ndiyo humkutanisha na magari na mbwa. Mwacheni mita chache tu kutoka alipookotwa, pembeni ya kichaka. Kama mlimkuta anavuka barabara, mvusheni upande aliokuwa anauelekea. Mkimrudisha alikotoka ataingia tena barabarani.

Wakati wa kumbeba, mshikeni kwa mikono miwili ubavuni, usawa wa tumbo, na msimwinue juu sana. Kobe akishtuka hukojoa. Mkojo ule ndio akiba yake ya maji, na wakati wa kiangazi huenda asipate mengine kwa wiki nzima. Ndiyo maana darasa la watoto arobaini wanaopokezana kumnyanyua linaweza kumkausha kobe kwa siku moja, hata kama kila mtoto amemshika kwa upole.

Jambo la mwisho: msiandike jina lake kwenye gamba kwa rangi ya mafuta, wala msitoboe tundu la kumfungia kamba. Gamba lina mishipa ya damu na ya fahamu chini yake, na ukilikwaruza anasikia.

Shule yetu iko Nakuru. Tumeomba kibali cha kuweka kobe wawili ambao tayari walikuwa kwenye kituo na hawawezi kurudi porini. Wazazi wamejitolea mawe na saruji. Tujenge boma la namna gani? Wengine wanataka tuweke sanduku la kioo ndani ya darasa ili watoto wawaone.
*Kamati ya mazingira, Nakuru*

Ngojeni kibali kwanza, jiwe la kwanza baadaye. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakija kukagua huenda wakataka mabadiliko, na kubomoa ni gharama.

Sanduku la kioo liondoeni kabisa kwenye mazungumzo. Kobe haelewi kioo: ataona nyasi upande wa pili na atasukuma kwa pua na miguu ya mbele siku nzima hadi pua ichubuke. Lakini ubaya mkubwa ni kwamba kioo, hata cha dirisha, huzuia mionzi ya UVB, ile ambayo ngozi hutumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu anayokula haiingii mwilini. Kobe anayeota jua nyuma ya dirisha anapata joto tu. Mwili unamdanganya kwamba ameota jua, huku gamba linalainika polepole. Jua mnalo nje, la bure, mwaka mzima.

Kwa kobe wawili wakubwa, anzeni na mita 8 kwa 5, na hapo ni kiwango cha chini. Ukuta uwe wa kuzibwa kabisa, wa mawe au matofali, wenye kimo cha sentimita 50 na msingi ulioingia ardhini sentimita 30. Wavu wa kuku haufai, kwa sababu kile anachokiona kupitia wavu atataka kukifuata, na kichwa au mguu ukinasa hawezi kujinasua. Kona zisiwe kali. Kobe hupenda kupanda kwenye kona, akiegemea kuta zote mbili, kisha anaanguka chali. Zungusheni kona kwa mawe au saruji, tatizo hilo linapungua sana.

Ndani ya boma pawe na:
- theluthi moja hivi ya kivuli, cha mti au cha paa la makuti au nyasi;
- nyasi za ukoka zilizooteshwa mapema, angalau miezi miwili kabla kobe hawajafika, zishike mizizi;
- kilima kidogo cha udongo na mchanga, kwa sababu wakiwa dume na jike, jike atataka kuchimba ili atage;
- bwawa la saruji la kina cha sentimita 5, lenye mteremko wa kuingilia na kutokea. Sufuria na karai haviwekwi. Kobe akipinduka ndani ya karai la maji atazama;
- banda la usiku.

Kuhusu banda, Nakuru iko juu, na usiku wa Julai baridi inafika digrii 10 au chini yake. Kobe wa huku kwetu halali usingizi wa majira ya baridi kama wale wa Ulaya, kwa hiyo baridi na unyevu pamoja humletea homa ya mapafu. Jengeni kibanda cha mbao chenye urefu wa sentimita 120, upana 90 na kimo 50, paa lisilovuja, sakafu iliyoinuliwa sentimita 10 kutoka ardhini. Jazeni nyasi kavu nusu ya kimo na mzibadilishe zikipata unyevu. Mlango uelekee mashariki ili jua la asubuhi liingie, na pazia la mpira wa tairi lililokatwa vipande lizuie upepo. Kipimajoto cha kawaida cha ukutani kikionyesha chini ya digrii 15 alfajiri, ongezeni nyasi, na mwezi wa Julai muwahamishie kulala ndani ya stoo.

Maadui wa boma ni wengi kuliko mnavyodhani. Mbwa wa mlinzi hutafuna gamba kama mfupa. Siafu ni hatari kubwa kwa kobe aliyezungushiwa ukuta, maana porini angewakimbia. Msimu wa mvua mlinzi apite na tochi, na jivu likae tayari la kumwagwa kwenye njia yao. Wadogo huchukuliwa na kunguru na nguchiro. Kama ua wa shule ni wa mnyaa, rudisheni boma nyuma mita kadhaa: utomvu wake unachoma macho ya kobe na ya watoto vilevile.

Ulizeni kabla ya kupokea: ni dume wangapi? Dume huwa na mkia mrefu mnene, na gamba la tumbo limebonyea kwa ndani. Madume wawili katika boma dogo watapigana, na lengo la pambano lao ni kumpindua mwenzake. Aliyepinduliwa juani saa sita mchana anaweza kufa kabla kengele ya saa nane haijagonga. Wekeni zamu ya kuchungulia: saa nne, saa saba, saa kumi. Dakika moja inatosha.

Na likizo? Tungependa kila kamati ijibu hili kwa maandishi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji. Aprili, Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. "Mlinzi ataangalia" halitoshi. Andikeni jina la mtu, malipo yake, namba ya daktari, na nani atakuja kukagua mara moja kwa wiki. Kobe huyu anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mwalimu aliyemleta atastaafu kobe akiwa bado kijana.

Tuna kobe aliyeletwa na mfadhili miaka mitatu iliyopita, ana karatasi zake zote. Watoto humpa ugali, maandazi na wali uliobaki. Gamba lake limeota nundu nundu kama mlima mlima, na pembeni linabonyea ukilibonyeza. Mganga wa mifugo alitaka kumdunga sindano ya minyoo ya mbuzi. Tufanyeje?
*Mwalimu wa zamu, Mwanza*

Sindano ile kwanza. Kama ni aivamektini, isimkaribie kabisa. Ni dawa nzuri kwa ng'ombe na mbuzi, lakini kwa kobe inapoozesha misuli, hata ile ya kupumulia, na huua. Kobe mwenye minyoo hutibiwa kwa mdomo, kwa dawa za kundi la fenbendazo, na kipimo hutolewa na daktari baada ya kumpima uzito na kuangalia choo chake kwa hadubini.

Sasa gamba. Mmeeleza mambo mawili tofauti, na mara nyingi watu huyachanganya.

Nundu hutokana na jinsi alivyokua. Kobe mchanga akikaa mahali pakavu mno, bila maji ya kutosha, huku akilishwa chakula kizito kinachomkuza haraka, kila kigae cha gamba huota kwenda juu badala ya kutanuka pembeni. Zikishaota hazishuki. Mkibadilisha matunzo leo, sehemu mpya itakayoota pembezoni mwa kila kigae italala vizuri, lakini za zamani atabaki nazo. Peke yake hazimuui.

Kubonyea ndiko kwa kutisha. Kobe aliyeanguliwa juzi gamba lake hubonyea kidogo, hiyo ni kawaida. Aliyevuka miaka miwili hapaswi kubonyea. Huyu wenu anakosa kalsiamu, au anakosa jua, au vyote viwili, na mwili umeanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa na gamba. Dalili zinazofuata ni kutembea akiburuza tumbo, mdomo kuota vibaya na miguu kutetemeka. Apelekwe kwa daktari wiki hii, kwa sababu akifika hatua ya kutetemeka huhitaji kalsiamu ya kitabibu, na ya jikoni haitawahi. (Yupo mmoja tu ambaye ulaini wake si ugonjwa: kobe bapa wa kwenye miamba, *Malacochersus tornieri*, mwembamba kama chapati, anayejibanza kwenye nyufa za mawe. Huyo ndivyo alivyoumbwa, na tangu 2019 amewekwa kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mkimwona kwenye shule yoyote, piga simu.)

Chakula kibadilike kuanzia leo. Ugali, wali, maandazi, mkate, nyama, maziwa na chakula cha mbwa, vyote basi. Tumbo la kobe limeundwa kuchachusha nyuzinyuzi za nyasi. Wanga ukiingia kwa wingi hujaza gesi na kuharisha.

Robo tatu ya anachokula iwe nyasi: ukoka mbichi, na wakati wa kiangazi nyasi kavu zilizokatwa fupi na kurushiwa maji. Inayobaki iwe majani: matembele, majani na maua ya haibiskasi, majani ya mlonge kiasi, ambayo yana kalsiamu nyingi, na vipande vya mpungate vilivyokwanguliwa miiba kwa kisu. Sukuma wiki na kabichi mara moja moja tu. Mchicha na spinachi si sumu, ila zina oksaleti inayoishika kalsiamu isitumike, na huyu wenu hana ya kupoteza. Kisamvu kibichi asipewe, kina sumu ya sianidi; wala majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Matunda yaonjwe kwa nadra. Nyanya moja iliyoiva au kipande cha tikiti mara moja kwa mwezi hakina neno, ila tatizo la tikiti ni kwamba watoto hawajui kuishia kipande kimoja.

Kalsiamu haihitaji duka. Chukueni maganda ya mayai, yachemsheni dakika 10, yaanikeni, myatwange hadi yawe unga laini kama wa ngano. Robo kijiko cha chai juu ya majani, mara tatu kwa wiki. Wenye ndugu pwani waagize mfupa wa ngisi unaookotwa ufukweni. Ukiwekwa bomani, kobe huutafuna mwenyewe anapouhitaji.

Mwogesheni pia. Beseni, maji ya vuguvugu yanayofika chini ya kidevu, dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa wiki. Atakunywa, na mara nyingi atakojoa humohumo. Angalieni ule uji mweupe unaotoka na mkojo. Ukiwa laini kama dawa ya meno, maji yanamtosha. Ukiusugua kati ya vidole vilivyovaa glavu na kusikia chenga kama za mchanga, kobe amekauka, mwogesheni kila siku hadi ulainike. Maji hayo yamwagwe chooni, na beseni lisirudi jikoni.

Mpimeni uzito kila Jumatatu kwa mizani ileile na muandike. Watoto wa darasa la sita watafurahi kuchora grafu, nanyi mtagundua ugonjwa mapema. Kobe anayeumwa hupungua uzito kabla hajaacha kula. Akitoa mapovu puani au kunyoosha shingo akipumua kwa mdomo, msingoje Jumatatu.

Mwanangu yuko darasa la awali na mwalimu wao amesema wataleta kobe wa maji ili watoto wajifunze kupenda wanyama. Nimesikia wanabeba wadudu wa kuharisha. Ni kweli, au ni hofu tu za wazazi?
*Mama wa mtoto wa miaka minne, Dar es Salaam*

Ni kweli, Mama, na kwa umri huo jibu letu ni hapana.

Bakteria anaitwa salmonela. Anaishi kwenye utumbo wa kobe, mjusi na nyoka bila kuwaumiza, hutoka na choo, kisha hukaa juu ya gamba, ndani ya maji na kwenye vumbi la kizimba. Kobe wa maji ni mbaya zaidi kwa sababu anaogelea kwenye choo chake mwenyewe, na watoto huchezea maji. Marekani walipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakiwatia mdomoni. Taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, inashauri wanyama hawa wasikae kabisa kwenye madarasa ya watoto walio chini ya miaka mitano.

Watu huuliza kama mnyama anaweza kupimwa akaonekana safi. Hapana. Bakteria hutoka siku moja na kupumzika wiki mbili, hivyo kipimo kikisema hayupo, maana yake ni siku hiyo tu. Kumpa kobe antibayotiki ili kumsafisha hakumsafishi, na hufuga bakteria sugu.

Kwa shule zenye watoto wakubwa, mambo ya lazima ni haya. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kila baada ya kugusa mnyama, chakula chake au boma lake. Kibuyu chirizi kifungwe palepale mlangoni mwa boma, maana watoto wakiambiwa wakanawe ng'ambo ya uwanja, nusu hawatafika. Jeli ya mikono haifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye udongo. Hakuna kula karibu na mnyama, hakuna kumbusu. Vyombo vyake vina ndoo yake na brashi yake. Sugueni kwa sabuni kwanza, kisha klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, dakika 10, suuza, anika juani. Zile dawa za kusafishia zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa zina fenoli, na huwadhuru wanyama hawa.

Mtoto akipata homa, tumbo kukata na kuharisha ndani ya siku sita tangu amguse, mwambieni daktari kwamba alimgusa kobe. Asipoambiwa hatawaza.

Hapa Lushoto vinyonga ni wengi. Tunaweza kuweka mmoja kwenye chupa kubwa yenye matundu?
*Mwanafunzi, kidato cha pili*

Usimweke. Kinyonga hanywi maji ya kwenye bakuli. Hulamba matone yanayoning'inia kwenye majani. Kwenye chupa atakufa kwa kiu maji yakiwa chini ya miguu yake. Macho yake yanazunguka pande zote, kwa hiyo kila mtu anayepita ni adui anayemwona, na hana pa kujificha. Na kwenye Milima ya Usambara baadhi ya vinyonga hawapatikani kwingine duniani, kibali chake si cha mchezo.

Mfuate kwenye kichaka chake. Usiku ni rahisi zaidi: akilala rangi yake hufifia, na mwanga wa tochi ukimpiga huonekana mweupe kwenye ncha ya tawi. Msimame mita moja na nusu, msiguse tawi. Wale wanaosema anauma kwa sumu waambie hana sumu.

Je, nyoka asiye na sumu? Fundi wetu wa bustani anawajua.
*Mwalimu wa sayansi, Kilifi*

Hapana, hata kama fundi anawajua. Yupo nyoka mdogo wa kuchimba, mweusi anayeng'aa, wa jamii ya *Atractaspis*, anayefanana sana na nyoka wasio na madhara. Wazoefu wamemshika nyuma ya kichwa kama wanavyoshika wengine na bado akawauma, kwa sababu meno yake hutokeza pembeni mdomo ukiwa umefumba. Hakuna dawa ya kuzuia sumu yake. Watembeleeni Bio-Ken, kituo cha nyoka pale Watamu, hamko mbali. Wa Nairobi wana Snake Park ya makumbusho, wa Arusha wana Meserani. Nyoka awe upande wa pili wa kioo, na mtu aliyefunzwa awe upande wake.

Binti yangu yuko darasa la nne hapa Minneapolis. Darasa lao lina mjusi wa Australia mwenye miiba ya ndevu, pogona, na sasa zamu ya kumchukua likizo ya Krismasi imemwangukia. Nyumbani nina mtoto wa miezi minane, na mama mkwe amekuja kututembelea. Nitamwambiaje mwalimu bila kuonekana mkorofi?
*Mama Neema*

Mwambie ukweli, Dada: nyumbani pana mtoto mchanga na mzee. Hao ndio salmonela huwakamata vibaya, walio chini ya miaka mitano na waliovuka 65, na mwalimu yeyote anayefuga mnyama huyu anapaswa kuwa na fomu inayouliza swali hilo kabla hajagawa zamu. Kama hana, barua yako itamsaidia kuitengeneza.

Kwa familia nyingine itakayomchukua, shida ya kwanza ni baridi ya njiani. Gari liwashwe na lipate joto kabla. Mjusi asafiri kwenye boksi la plastiki lenye matundu, lililofunikwa blanketi, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo upande mmoja tu, ili aweze kusogea akizidiwa. Asilishwe saa 24 kabla ya safari, maana bila joto chakula huozea tumboni.

Kizimba chake ni cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Upande wa taa pawe na digrii 38 hadi 42 juu ya jiwe analokalia, upande wa pili 22 hadi 26, usiku isishuke chini ya 18. Pimeni kwa kipimajoto, mkono unadanganya. Taa ya UVB ni ya mrija unaofika zaidi ya nusu ya kizimba, na hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu mionzi huisha kabla ya mwanga. Taima iwashe na kuzima kwa saa 12 hivi. Mkubwa hula majani zaidi, na hapo Mswahili wa Minnesota ana bahati: sukuma wiki, ile inayouzwa huko kwa jina la collard, ni miongoni mwa vyakula bora kwake. Ikatwe nyembamba kila siku, na nyenje wachache mara mbili au tatu kwa wiki, wasiozidi upana wa kati ya macho yake, wakiwa wamepakwa unga wa kalsiamu. Parachichi ni sumu. Kimulimuli mmoja tu anaweza kumuua, ingawa Desemba ya huko hamtamwona.

Akikataa kula siku mbili tatu baada ya kuhama, kwanza angalieni joto.

Shikamooni. Sisi wa darasa la nne tumeona mayai mawili madogo meupe nyuma ya ubao. Mwalimu anasema ni ya mjusi kafiri. Wengine wanasema tuyatoe kwa sababu mjusi ana sumu. Tuyafanyeje?
*Wanafunzi, Tanga*

Marahaba, wajukuu zetu. Mwalimu wenu yuko sahihi. Mjusi kafiri hutaga mawili kwa mara moja, nayo huweza kugandamana ukutani yakikauka. Hana sumu. Choo chake kina uchafu uleule tulioueleza juu, kwa hiyo chakula kifunikwe na mikono inawiwe, basi.

Yaacheni hapo hapo. Msiyageuze, kwa sababu kijusi hushikamana na upande wa juu, kikipinduliwa hufa. Msiyarushie maji: ganda lake ni gumu, halihitaji unyevu kama mayai ya kobe. Ubao ukisogezwa, usogezwe pole.

Andikeni tarehe mliyoyaona. Yataanguliwa baada ya mwezi mmoja na nusu hadi miwili na zaidi kidogo, kwa kadiri ya joto la ukuta huo. Kila siku saa nne wawili kati yenu waandike mambo matatu: joto la darasa, rangi ya mayai, na kama kuna mjusi karibu. Jioni mkiwa nyumbani, mtazameni yule wa karibu na taa. Hana kope za kufumba, kwa hiyo huyafuta macho yake kwa ulimi. Na akiwa jike anayekaribia kutaga, mkimwona kwa chini kupitia kioo cha dirisha, yale mayai mawili huonekana kabisa, meupe, moja kila upande wa tumbo.